Hisabati ya Alama katika Lugha za Kompyuta: Historia yake na Funzo lake kwa Waundaji wa Istilahi

1. Utangulizi

Miongoni mwa kazi ambazo Baraza la Kiswahili la Taifa lilikabidhiwa kwa Sheria Namba 27 ya mwaka 1967 ni kushirikiana na vyombo vingine katika kuweka tafsiri sanifu za maneno ya kitaalamu. Kazi hiyo mara nyingi hudhaniwa kuwa ni ya kutafuta neno la Kiswahili la kusimama mahali pa neno la kigeni. Mwenye kudhani hivyo huona kwamba orodha ikikamilika, na kazi imekwisha. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha, kwa kutumia historia ya jambo moja la kitaalamu, kwamba mambo sivyo yalivyo. Jambo lenyewe ni jitihada ya kuzifundisha lugha za kompyuta hisabati ya alama, yaani hisabati inayoshughulika na herufi na semi za aljebra kabla herufi hizo hazijapewa thamani yoyote.

Huenda msomaji akauliza: habari za mashine zamhusu nini mfasiri wa ofisini au mwalimu wa shule ya msingi? Tunamwomba aende pamoja nasi, kwa mawazo, hadi Nyakitonto, katika nyanda za juu za Kigoma, nchi ya Waha upande wa Kasulu na Kibondo. Hebu tumfikirie mwalimu wa huko akiwa mbele ya darasa la madarasa ya juu ya shule ya msingi. Watoto waliomo humo wengi wamelelewa kwa Kiha. Kiswahili wamekipata shuleni na sokoni. Mwalimu anaandika ubaoni:

3m + 2h + 4m

Anaeleza kwamba m ni bei ya debe moja la mahindi, na h ni bei ya debe moja la maharagwe. Kisha anaamuru: "Rahisisha." Mtoto mmoja anaandika 7m + 2h. Mwingine anaandika 9mh. Wa tatu ananyoosha mkono na kuuliza: "Mwalimu, debe la mahindi ni shilingi ngapi?"

Kila mwalimu wa hisabati anawajua watoto hawa watatu. Wa pili na wa tatu si wajinga. Wa pili ametii neno "rahisisha" kama alivyolielewa: amefupisha. Wa tatu anakataa kufanya hesabu juu ya kitu asichokijua thamani yake. Sasa yafaa ieleweke kwamba kompyuta za mwanzo zilikuwa kama mtoto huyu wa tatu kabisa. Na zilipoanza kufundishwa, zilikuwa katika hatari ya kuwa kama yule wa pili. Historia ya namna zilivyofundishwa ni historia ya watu waliolazimika kuamua kila neno lina maana gani.

2. Asili ya herufi katika hesabu

Kabla ya mashine palikuwa na vitabu. Neno aljebra tumelipata kwa njia ndefu kutoka katika jina la kitabu cha Kiarabu kilichoandikwa na Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi mjini Baghdad, mnamo mwaka 820 hivi. Al-jabr ni kurudisha kilichovunjika mahali pake, kama aungavyo mfupa mganga wa viungo. Mwanachuoni huyo hakutumia herufi wala alama. Kila kitu alikiandika kwa maneno, na ile namba isiyojulikana aliiita kwa neno la kawaida lenye maana ya "kitu". Aljebra basi ilizaliwa ikiwa katika lugha ya kawaida ya watu, na hili ni jambo la kukumbukwa na wale wanaodai kwamba Kiswahili hakiwezi kuibeba.

Alama zilikuja baadaye, moja moja. Alama ya usawa, mistari miwili iliyolala sambamba, ilianza kutumiwa na Robert Recorde huko Uingereza mwaka 1557. François Viète wa Ufaransa, mwaka 1591, alitumia herufi kwa vilivyojulikana na visivyojulikana pia. Descartes, mwaka 1637, akaiweka desturi tuliyo nayo hadi leo ya kutumia x, y na z kwa visivyojulikana. Tunaona kwamba kutoka neno "kitu" hadi herufi x ilipita miaka mia nane. Mtoto wa Nyakitonto anatakiwa kuuvuka umbali huo katika vipindi vichache vya dakika arobaini.

3. Mashine zinazojua namba tu

Mwaka 1843, Ada Lovelace wa Uingereza, akiieleza mashine ya kukokotoa iliyobuniwa na Charles Babbage, alisema kwamba mashine ya namna ile ingeweza kushughulika na vitu vingine visivyo namba, na hata kutoa majibu yake kwa alama za aljebra. Mashine hiyo haikujengwa, na wazo hilo lilikaa kwa miaka mia na zaidi.

Mwaka 1957 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa lugha ya kuandikia programu iliyobuniwa na John Backus na wenzake, wakaiita FORTRAN. Jina hilo wafasiri watalipenda, kwani limefupishwa kutoka maneno ya Kiingereza yenye maana ya "tafsiri ya fomula". Na kwa hakika ilikuwa tafsiri: mtaalamu aliandika fomula kwa namna iliyokaribiana na ya kitabuni, na mashine ikaigeuza kuwa amri zake yenyewe.

Walakini FORTRAN ilitafsiri fomula kwa sharti moja. Kila herufi ilikuwa jina la chumba katika kumbukumbu ya mashine, na ndani ya chumba hicho sharti pawe na namba. Ukiandika 3m + 2h + 4m, mashine hukimbilia kuzitazama m na h, huchukua namba zilizomo, hujumlisha, na hukupa namba moja. Fomula yenyewe imekwisha kupotea. Huwezi kuiuliza mashine: "Ikiwa bei hazijajulikana bado, twaweza kusema nini?" Hilo ndilo swali ambalo aljebra iliundwa kulijibu.

Hata namba zenyewe zilikuwa na taabu. Katika FORTRAN, 1 gawanya kwa 2, zikiwa zote ni namba nzima, jibu lake ni sifuri, kwa kuwa kilichobaki hutupwa. Mwenye kufanya aljebra huitaka nusu ibaki nusu, yaani sehemu yenye kiasi chake na asili yake. Namba za desimali zilizokatwa hazimfai, maana theluthi ikiandikwa 0.333 si theluthi tena.

4. Jaribio la FORMAC na matatizo yake manne

Palikuwa na waliotangulia. Mwaka 1953, wanafunzi wawili katika vyuo viwili tofauti vya Marekani, Kahrimanian na Nolan, walionyesha kwamba mashine yaweza kutafuta kasi ya mabadiliko ya fomula kwa kufuata kanuni, bila ya kupewa namba. Mwaka 1958 John McCarthy, katika chuo cha MIT, alianza kuunda lugha ya LISP, ambayo msingi wake si namba bali ni orodha za alama. Mwaka 1961 James Slagle, akitumia LISP, aliandika programu iliyoweza kutatua maswali ya kalkulasi ya mwaka wa kwanza wa chuo kikuu. Kati ya maswali 86 iliyopewa, ilitatua 84.

Hata hivyo wahandisi wengi walikuwa wamekwisha kuzoea FORTRAN, na hawakutaka kuhamia lugha ngeni. Kwa hiyo mwaka 1962 Jean Sammet, mwanamke aliyekuwa akifanya kazi IBM, pamoja na wenzake, walianza kazi ya kuiongezea FORTRAN uwezo wa hisabati ya alama. Matokeo yake, lugha ya FORMAC, yalitolewa mwaka 1964. Tunaichukua kazi hiyo kuwa mfano wetu mkuu, kwa sababu inafanana na kazi yetu: hatuundi lugha mpya, bali tunaiongezea maana mpya lugha ambayo watu wamekwisha kuizoea. Matatizo waliyokutana nayo yalikuwa mengi. Tutataja manne.

(a) Jina lisilo na thamani. Sharti kuwe na namna ya kuiambia mashine kwamba herufi hii haina namba, nayo inajisimamia yenyewe. FORMAC ilizitenga herufi za aina hiyo kwa tamko maalumu. Katika miaka ya karibuni tatizo limerudi vilevile. Mwaka 2005 Ondřej Čertík alianza kuiongezea hisabati ya alama lugha ya Python, kwa mradi uitwao SymPy. Mtumiaji wake, kabla ya kuandika x, hana budi kutangaza kwanza kwamba x ni alama. Asipofanya hivyo, Python humwambia kwamba haijui x ni nani. Huyu bado ni yule mtoto wa tatu.

(b) Maana nyingi za "sawa". Katika FORTRAN mtu huweza kuandika X = X + 1. Kwa mwanahisabati huo ni upuuzi, maana hakuna namba iliyo sawa na yenyewe ikiongezwa moja. Kwa mashine ni amri: chukua kilichomo ndani ya X, ongeza moja, urudishe. Waliounda lugha ya ALGOL mwaka 1960 walilitambua jambo hili, wakaitenga amri hiyo kwa alama ya nukta mbili ikifuatwa na alama ya usawa. FORMAC nayo ilitumia neno la Kiingereza LET, maana yake "na iwe". Lakini hisabati ya alama ilihitaji zaidi ya hapo, kama tutakavyoona.

(c) Semi zinazovimba. Namba hukaa katika chumba kimoja. Usemi wa aljebra hukua. Zidisha semi mbili zenye vipande kumi kila kimoja, na waweza kupata vipande mia. Zidisha tena, elfu. Kumbukumbu za mashine za wakati ule zilikuwa ndogo, na kazi nyingi zilikwama katikati kwa sababu usemi ulijaza nyumba nzima kabla ya kufikia jibu, ijapokuwa jibu lenyewe lilikuwa fupi. LISP ilikuwa na utaratibu wa mashine yenyewe kuzoa taka, yaani kutafuta semi zisizotumika tena na kuachia nafasi yake. FORMAC ilimwachia mwandishi wa programu amri ya kufuta, ili aamue mwenyewe ni usemi gani umemaliza kazi.

(d) Kurahisisha. Hili ndilo kubwa kuliko yote, nasi tutalipa sehemu yake.

5. Ni nini kilicho rahisi?

Tuchukue (x + 1) kipeo cha 10. Tukifungua mabano tunapata usemi wa vipande 11. Hapa ni dhahiri kwamba ule uliofungwa ndio mfupi. Sasa tuchukue x kipeo cha 100 toa 1, yote ikigawanywa kwa x toa 1. Ukigawanya sawasawa unapata usemi wa vipande 100, kuanzia x kipeo cha 99 hadi 1. Je, mashine irahisishe au isirahisishe? Ikitekeleza mgawanyo, ukurasa umejaa. Isipoutekeleza, haitajua kwamba alama ya kugawanya haikuhitajika. Kila njia ni "rahisi" kwa kazi fulani na ni ngumu kwa nyingine.

Mwaka 1971 Joel Moses wa MIT aliandika makala maarufu juu ya jambo hili, akawagawa waundaji wa mifumo hiyo kwa majina ya kisiasa. Wako wenye msimamo mkali, wanaolazimisha kila usemi uvae umbo moja tu, upende usipende. Wako wahafidhina, wasiotaka mashine ibadilishe chochote bila ya kuamriwa. Na baina yao wako wengine wa rangi mbalimbali. Maneno hayo yalikuwa na mzaha, lakini jambo lenyewe halikuwa mzaha: ugomvi wote ulikuwa juu ya maana ya neno moja.

Zaidi ya hayo, mwaka 1968 Daniel Richardson alithibitisha kwamba kwa semi zilizojengwa kwa baadhi ya kanuni za kawaida kabisa za hisabati, hakuna njia ya jumla inayoweza kuamua daima kama usemi fulani ni sawa na sifuri au sivyo. Maana yake ni kwamba mashine inayorahisisha kila kitu kikamilifu haitaundwa kamwe. Kizuizi hapa si udogo wa kumbukumbu wala uchache wa fedha. Kimo ndani ya hisabati yenyewe.

Pamoja na hayo kazi iliendelea na ilileta faida kubwa. Mwaka 1968 ilianzishwa kazi ya MACSYMA huko MIT, na katika mwaka huohuo Anthony Hearn alitoa mfumo wa REDUCE. Mwaka 1970 wanaastronomia watatu, Deprit, Henrard na Rom, waliipa mashine hesabu za mwendo wa mwezi alizozifanya Mfaransa Charles Delaunay katika karne iliyopita kabla ya hapo. Delaunay alitumia miaka 20, kumi ya kukokotoa na kumi ya kuhakiki, akatoa mafungu mawili ya kitabu mwaka 1860 na 1867. Mashine ilizirudia kwa saa zipatazo 20 tu. Makosa iliyoyakuta yalikuwa machache mno. Baadaye ikaja Maple, iliyoanzishwa mwaka 1980 katika Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada, na Mathematica mwaka 1988.

Mifumo hii karibu yote, hatimaye, ilifikia uamuzi mmoja unaofanana. Haikutegemea amri moja tu ya kurahisisha. Ilimpa mtumiaji amri nyingi zenye kazi zilizo wazi: moja ya kufungua mabano, moja ya kutafuta vigawo, moja ya kukusanya vipande vinavyofanana, moja ya kuweka thamani mahali pa herufi. Neno la jumla likabaki, lakini haliaminiwi peke yake.

6. Kiswahili na mambo hayohayo

Sasa turudi nyumbani. Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Tanzania tangu mwaka 1967. Mwaka 1969 palikuwa na mpango wa kukiingiza katika sekondari somo baada ya somo, na hisabati ilikuwamo katika mpango huo. Haukutekelezwa. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu ilipendekeza tena kwamba Kiswahili kianze kutumika katika sekondari kuanzia mwaka 1985. Pendekezo hilo nalo halikutekelezwa. Upande wa kompyuta, serikali ilikuwa na mashine yake ya kwanza katika Wizara ya Fedha tangu miaka ya sitini, na mwaka 1974 ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini baada ya hasara iliyopatikana. Mwezi Desemba 2004, mradi uliokuwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zenye maelezo ya Kiswahili. Maneno mengi ya kompyuta yalipata njia kwa jinsi hiyo, ingawa hata jina la mashine yenyewe halikukosa mabishano: ngamizi lilipendekezwa, tarakilishi likapendwa na wengine, hasa Kenya, na kompyuta ndilo lililokaa midomoni mwa watu wengi.

Hata hivyo hatusemi kwamba tunaanza patupu. Shule zetu za msingi zimekwisha kujenga lugha ya hisabati iliyo imara: kiasi na asili, kipeo na kipeuo, namba tasa, namba witiri na shufwa, kigawo kikubwa cha shirika. Yapo hata maneno ya kukumbushia, na maarufu kuliko yote ni MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Hakuna mtoto aliyepita shule ya msingi asiyelijua.

Lakini tulipime neno hilo kwa ukali ambao mashine ingelipima. Tuandike 10 − 3 + 2. Mtoto anayelitii MAGAZIJUTO neno kwa neno atajumlisha kwanza: 3 na 2 ni 5, 10 toa 5 ni 5. Jibu sahihi ni 9, kwa sababu kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja, na huenda kwa zamu kutoka kushoto. Hali ni hiyohiyo kwa kugawanya na kuzidisha. Neno zuri, lenye kushika akilini, limebeba kosa tumboni. Mashine haiwezi kusamehe kosa hilo. Mwalimu huliziba kwa maelezo ya mdomo, akikumbuka. Tunapendekeza maelezo hayo yaandikwe katika kila kitabu, pamoja na neno lenyewe.

Jambo la pili ni mpangilio wa sentensi. Kwa Kiswahili chetu cha kawaida husema "toa 3 katika 10", tukianza na kitendo, kisha kinachotolewa, kisha kinachotolewa ndani yake. Ubaoni huandikwa 10 − 3. Mtoto anayesikia namba 3 kwanza na kuona namba 10 kwanza ana sababu ya kuchanganyikiwa. Inafurahisha kuona kwamba LISP nayo huanza na kitendo, kama amri ya Kiswahili: jumlisha 2 na 3, zidisha 4 kwa 5. Katika kutoa, hata hivyo, LISP huitaja 10 kabla ya 3. Mfasiri atakayeandika maelezo ya lugha hizo kwa Kiswahili hana budi kuliangalia hili, asije akafasiri maneno yote sawasawa na hesabu ikatoka kinyume.

Jambo la tatu ni "sawa". Tumeona kwamba alama moja imebebeshwa mizigo mingi. Kiswahili kinaweza kuitenganisha vizuri kuliko alama yenyewe. Pale tunapotaja jibu, twaweza kusema ni: mbili na tatu ni tano. Pale tunapotafuta x inayotimiza sharti, tuna mlinganyo. Pale ambapo pande mbili ni sawa kwa kila thamani ya herufi, tunapendekeza kusema sawa daima. Na pale tunapoipa herufi thamani, tuna hali ya kuomba iliyomo katika sarufi yetu tangu asili: x iwe 5. Wale wa FORMAC walilazimika kuliongeza neno zima ili kulipata jambo hili. Sisi tunalo katika kiambishi kimoja.

Jambo la nne ni jina la herufi yenyewe. Waandishi wetu hutumia namba isiyojulikana, na wengine hutumia kigeu. Tunaonelea kwamba maneno haya mawili hayapaswi kushindanishwa, kwani si kitu kimoja. Katika 2x + 1 = 7, x haigeuki; ni namba moja tu iliyofichika, na jina namba isiyojulikana linaifaa. Katika fomula ya eneo la mstatili, urefu na upana hugeuka kila ukibadilisha shamba, na hapo kigeu ndicho hasa. Katika 3m + 2h + 4m ya Nyakitonto, herufi wala hazitafutwi wala hazigeuki kwa sasa. Zimesimama tu kama alama. Mashine ilikwama mpaka ilipofundishwa aina hii ya tatu. Tunapendekeza iitwe herufi huru, wasomaji wakiona inafaa.

La mwisho ni rahisisha. Katika Kiswahili rahisi ni kisicho na taabu, na pia ni kisicho na bei kubwa. Mtoto aliyeandika 9mh amechagua bei ndogo. Hatusemi neno liondolewe, kwa kuwa limekwisha kuzoeleka. Bali tunasema lisiachwe peke yake ubaoni. Mwalimu aseme: kusanya herufi zinazofanana. Au: fungua mabano. Au: tafuta vigawo. Maneno haya yote watoto wanayafahamu, na kila moja lina jibu moja tu.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba kazi ya kuongezea lugha za kompyuta hisabati ya alama haikukwama kwa upungufu wa maneno ya Kiingereza. Wengi wa waliofanya kazi hiyo walikuwa wakisema Kiingereza tangu utotoni, na maneno ya simplify na equal walikuwa nayo. Walikwama kwa sababu maneno hayo yalificha maana nyingi ndani yake, na mashine haikukubali kufichwa. Kwa hiyo anayetuambia kwamba mtoto akibadilishiwa lugha afikapo kidato cha kwanza matatizo haya humwisha, anakosea. Mtoto huyachukua matatizo yaleyale, na juu yake huongezewa mzigo wa maneno asiyoyazoea. Mtoto wa Nyakitonto, ambaye Kiswahili chenyewe alikipata baada ya Kiha, huwa amevuka mito miwili.

Kwa sababu hiyo tunatoa rai mbili. Kwa wafasiri na watumishi wa serikali: kila istilahi ya hisabati au ya kompyuta iletwapo mbele ya kamati, iambatane na mfano mmoja wa mahali inapotumika na mfano mmoja wa mahali isipotumika. Orodha ya maneno pasipo mifano ni FORTRAN isiyo na herufi huru. Kwa walimu: tuandikieni makosa ya wanafunzi wenu jinsi yalivyo, hasa yale yanayorudi kila mwaka. Kosa linalorudiwa na watoto wengi, katika shule nyingi, mara nyingi ni dalili ya istilahi mbovu.

Na yule mtoto wa tatu, aliyeuliza debe la mahindi ni shilingi ngapi, asikaripiwe. Ameuliza swali ambalo mashine za IBM zilikuwa zikiliuliza mwaka 1957. Inambidi mwalimu amjibu kwa Kiswahili kilicho wazi: "Bei hatuijui bado, nasi hatuhitaji kuijua ili tufanye kazi hii. Iite m, uendelee."